Damu chini ya retina: maswali mnayoniuliza sana na majibu yake

Kwanza nijitambulishe. Mi sio daktari, ni mtoto wa mgonjwa, nakaa Uyole hapa Mbeya na mama yangu ana miaka 71. Jicho lake la kushoto liliingia damu chini ya retina tukachelewa wiki tatu nzima, likaondoka. Miaka miwili baadae la kulia nalo likaanza, hilo tukaliwahi. Tangu hapo watu wa kanisani, majirani, ndugu wa Tukuyu na Mafinga wananipigia simu maswali yaleyale, nikaona bora niyaandike yote sehemu moja. Niliyoyaandika hapa ni yale madaktari walitueleza na nikayasoma tena na tena mpaka nikaelewa, ila jicho la mtu wako lazima alione daktari wa macho.

Damu chini ya retina ndo nini hasa?

Retina ni ngozi nyembamba sana nyuma kabisa ndani ya jicho, unene wake ni kama robo ya milimita, ndo inayopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Katikati yake kuna sehemu ndogo inaitwa makula, haifiki hata milimita 6 upana, ila hiyo ndo unasomea, unatungia uzi kwenye sindano, unatambulia sura ya mtu. Sasa mshipa ukipasuka au ukivuja nyuma pale damu ikajikusanya chini ya hiyo ngozi, hapo ndo wanasema damu chini ya retina. Ikiwa pembeni unaweza usijue kabisa. Ikiingia chini ya makula kuona kwa katikati kunaharibika ghafla.

Jicho la mume wangu limekuwa jekundu kabisa asubuhi, ndo hiyo?

Hapana dada. Ile nyekundu inayoonekana kwa nje kwenye sehemu nyeupe ya jicho ni kitu kingine, mara nyingi kimshipa cha juu kimepasuka labda alikohoa au alijikuna usiku, kama haumi na anaona vizuri inapotea yenyewe kwa wiki moja mbili hivi. Hii ninayoongelea mimi huwezi kuiona kwa macho yako. Jicho kwa nje linakuwa jeupe safi, haliumi, halitoi machozi, na hapo ndo mtego wenyewe kwasababu watu wanajua ugonjwa wa jicho lazima liwe jekundu, sasa mama anasema haoni ila jicho linang'aa basi mnasema ni uzee.

Kwanini damu kidogo vile iharibu macho hivyo? Si itakauka tu?

Hili swali nalipenda, mi mwenyewe nilimuuliza daktari hivihivi. Fikiria kitalu cha mpunga kule Usangu. Miche imesimama juu, mizizi iko kwenye udongo, chakula na maji vinatoka chini. Zile seli zinazoona mwanga nazo ziko hivyo, chini yake kuna tabaka la rangi ambalo ndo udongo wake, linazilisha, linazipa hewa ya oksijeni, linaondoa uchafu. Damu ikiingia katikati inainua miche inaitenganisha na udongo, njaa inaanza hapohapo.

Cha pili, damu inaganda. Na damu iliyoganda inajikunja kama tope linavyokauka juani mpaka linapasuka, sasa ile miche imeshanaswa kwenye tope, likijivuta inang'oka nayo. Cha tatu ni chuma. Chembe nyekundu za damu zina madini ya chuma ndani, zikivunjika chuma inamwagika palepale na kwa seli za macho hiyo ni sumu kabisa.

Wanasayansi walijaribu kwa sungura mwaka 1982, wakaweka damu chini ya retina, ndani ya masaa 24 tu seli zikawa zimeshaanza kuharibika. Sungura sio binadamu na kwetu inategemea damu ni nyingi kiasi gani na imetoka wapi, ila nilipolisikia hilo nikazikumbuka zile wiki zetu tatu nikakosa la kusema.

Baadae damu inafyonzwa kweli, inabadilika rangi inakuwa ya njano njano, inaisha taratibu kwa miezi. Ila ikishaisha pale chini mara nyingi limebaki kovu. Kwahiyo ndio, itakauka, lakini miche haipo.

Inasababishwa na nini?

Kwa wazee sababu kubwa ni makula kuchakaa kwa umri, ile aina ambayo mishipa mibovu inaota chini ya retina mahali isipotakiwa, kuta zake laini zinavuja na kupasuka. Kuna ndugu yake, ile ambayo mishipa inatengeneza vivimbe kama shanga au zabibu ndogo, hiyo inaonekana zaidi kwa Waasia na sisi watu weusi na inapenda kumwaga damu nyingi kwa mara moja. Presha ya damu inaweza kutunisha mshipa wa retina wenyewe mpaka upasuke. Watu wenye miwani mikali sana ya kuonea mbali nao wapo hatarini, jicho lao ni refu na ngozi ya nyuma imevutika.

Na vijana msijione mmepona, kupigwa ngumi, mpira, kipande cha kuni kikiruka wakati wa kupasua, jiwe pale wanapogonga kokoto, vyote vinaweza kuchana tabaka la chini ya retina na damu ikajaa. Kisukari nacho kinatoa damu machoni ila ya kwake mara nyingi inamwagikia mbele ya retina kwenye ute wa jicho, mtu anaona kama utando wa buibui au moshi unaelea. Matibabu yanafanana baadhi, sio yote.

Nitajuaje kama imeanza?

Mistari iliyonyooka inapinda. Mama alikuwa amekaa kitandani asubuhi akaniambia "mwanangu, mbona nondo za dirisha zimepinda, fundi gani huyu", mi nikaangalia nondo zimenyooka kama rula. Lile la kwanza alisema kuna moshi katikati, uso wa mtu hauoni ila masikio anayaona. Doa jeusi au la kijivu katikati, herufi zinaruka, bati la jirani migongo yake inapinda, na vinakuja ghafla, ndani ya siku au hata masaa, bila maumivu.

Jipime hivi. Chukua daftari la hesabu lile la viboksi, chora nukta katikati ya karatasi, vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, shika umbali wa kusomea Biblia, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, angalia nukta. Alafu badilisha jicho. Mistari ikipinda, viboksi vikipotea au kukawa na doa, safari ya hospitali. Msiache kuziba, jicho zima linamfichia mwenzake, mama la kushoto huenda lilianza siku nyingi tukajua tu alipojifuta la kulia kwa kanga.

Nina muda gani?

Siku. Madaktari wengi wanataka wamwone mgonjwa ndani ya wiki ya kwanza, na zile njia za kuisogeza damu zinafanya kazi vizuri isipozidi wiki mbili hivi, baada ya hapo damu imeshaganda kabisa na seli zimeshaenda. Sisi tulienda dispensari tukapewa matone tukaambiwa macho ya uzee, turudi mwezi ujao. Simlaumu sana yule mhudumu, hakuwa na kifaa cha kuangalia nyuma ya jicho, ila angetwambia "nendeni kwa daktari wa macho leo" pengine leo ningekuwa naandika mengine. Kwahiyo ukifika popote sema wazi: kuona kwa katikati kumepotea ghafla, nataka mtu aangalie retina. Kwa huku kwetu anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya rufaa ya mkoa ulipo, wao ndo watasema kama inatibika hapo au upelekwe kwa bingwa wa retina kwenye hospitali za Muhimbili au CCBRT kule Dar, au KCMC Moshi. Usipange foleni ya miwani.

Wakifika watampima nini?

Matone ya kupanua mboni kwanza, baada ya hapo ataona ukungu na mwanga utamuumiza masaa kadhaa, aende na mtu, asirudi anaendesha bodaboda. Alafu kipimo cha OCT, anaweka kidevu kwenye mashine anaangalia taa, haiumi hata kidogo, inatoa picha ya retina kama umekata keki unaona tabaka zote. Pengine watamchoma dawa ya rangi mkononi wapige picha mishipa inavyovuja, msishtuke mkojo ukiwa wa njano kali siku hiyo. Kama damu imejaa mpaka ndani hawaoni kitu wanatumia ultrasaundi.

Sindano ndani ya jicho?! Haiumi?

Kila mtu anashtuka, mama aligoma kabisa akasema bora nibaki kipofu. Ukweli ni kwamba wanatia matone ya ganzi, wanasafisha na ile dawa ya kahawia ya ayodini, wanaweka kakifaa ka kushika kope, wanachoma kwenye sehemu nyeupe kama milimita 4 kutoka kwenye duara jeusi, dawa yenyewe ni tone, 0.05 ya mililita. Sekunde chache. Mama alisema ayodini ndo ilimuwasha kuliko sindano.

Kazi yake: mwili unatoa kemikali inayoamrisha mishipa mipya iote, dawa inaikamata hiyo kemikali, mishipa inanywea inaacha kuvuja. Kwahiyo haiondoi damu iliyopo, inafunga bomba. Na ndo maana haichomwi moja, kwa kawaida ni kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo alafu daktari anaanza kurefusha akiangalia OCT. Wengi wanakosea hapa, akiona nafuu baada ya mbili anaacha, na bomba linafunguka tena.

Baada ya sindano doa jekundu dogo ni kawaida. Maumivu yanayozidi, mwanga kuumiza, kuona kupungua ndani ya siku chache, hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho, ni nadra ila ni dharura, rudi usiku huohuo.

Nimegugo Avastin, ile dawa ya sindano ya jicho, nikaona ni dawa ya kansa, wanamjaribia mama yangu?

Hapana, tulia. Ilianza Marekani mwaka 2004 kama dawa ya kansa ya utumbo mpana, madaktari wa macho wakaona inafanya kazi kwenye jicho kwa dozi ndogo sana. Mwaka 2011 ukatoka utafiti mkubwa uliyoilinganisha na Lucentis ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya jicho na ni ghali mara nyingi zaidi, matokeo ya kuona yakalingana. Kuna Eylea pia. Cha kuuliza ni kama Avastin imegawanywa kwenye sindano ndogo kwa usafi wa hali ya juu pasipo vijidudu, maana chupa moja inatoa dozi nyingi.

Na ile gesi wanayoingiza jichoni ni ya nini?

Damu ikiwa nyingi na nzito chini ya makula, kufunga bomba peke yake kunaweza kusitoshe. Hapo kuna dawa inaitwa tPA, ni ya kuyeyusha damu iliyoganda, ileile wanayompa mtu wa kiharusi cha damu kuganda au mshtuko wa moyo. Inachomwa jichoni ikilainisha lile tope wanaingiza gesi, mgonjwa anainamisha uso, gesi inapanda juu kama povu kwenye chupa ila kwasababu ameinama juu yake ndo makula, inaisukuma damu pembeni. Damu bado ipo jichoni, imetoka tu mahali pabaya. Wengine wanafanyiwa hii kwa upasuaji wa kutoa ute wa jicho kwanza.

Kuinama ndo kazi. Daktari ndo anasema siku ngapi na kwa mtindo gani. Mama alikaa siku nne, mchana amelaza paji la uso kwenye mito miwili juu ya meza, usiku analala kifudifudi, uji nampa kwa mrija, sala anasali hivyohivyo. Shingo ilimuuma sana, nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha moto.

Atakuwa anaona mstari unacheza cheza kama pima maji ya fundi ujenzi, juu ya mstari anaona na chini giza linatingishika. Ni gesi hiyo. Kadiri inavyoisha mstari unashuka, mwishoni kanabaki kaduara kadogo chini kanarukaruka, siku moja kanapotea.

Katibiwa Dar, amewekewa gesi, anaweza kupanda basi kurudi Mbeya?

HAPANA. Tafadhali, hili ndo swali lililonifanya niandike yote haya.

Gesi ikiwa jichoni ukipanda juu inatanuka. Dar ni usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Njombe inakaribia 2,000. Ukitoka chini mpaka Mbeya hewa ya nje inapungua nguvu na ile gesi inataka kuongezeka kama moja ya tano ya ukubwa wake, jicho sio puto, haliwezi kutanuka, basi presha ya ndani inapanda, inaweza kubana mshipa unaoleta damu kwenye retina na jicho likafa palepale. Mmetumia hela yote kuliokoa mnaliua kwenye mlima wa Kitonga.

Watu wanajua ndege tu, kwamba asipande ndege. Basi linalopanda Kitonga ni tatizo hilohilo, na treni ya TAZARA nayo ikishavuka Mlimba inapanda kuja Makambako. Sisi tulikuwa tumeshakata tiketi za kesho yake alfajiri. Daktari anaandika karatasi ya kuruhusiwa, katika maongezi tu akauliza "kwani nyie mnakaa wapi?", nikasema Mbeya, akaweka kalamu mezani. Akatuambia hamwendi popote. Tulikaa kwa kaka Mbagala karibu wiki tatu mpaka kaduara kakapotea na daktari akaangalia akasema sasa nendeni.

Muda unategemea aina ya gesi. Hewa ya kawaida inaisha ndani ya siku chache mpaka wiki, SF6 kama wiki 2, C3F8 inaweza kufika wiki 6 mpaka 8. Kwahiyo kabla ya upasuaji mwambie daktari mnatoka nyanda za juu, anaweza kuchagua gesi fupi, na nyie mjipange pa kulala. Hata kama katibiwa hapahapa Mbeya muulize kabla ya kwenda kijijini, barabara ya Uyole kwenda Tukuyu inapanda kwanza mpaka Isyonje ndo inashuka, na ya Chunya ile ya mlimani ndo usiseme.

Ikitokea mko njiani jicho likaanza kuuma, giza, kichefuchefu, shukeni, msiendelee kupanda, tafuteni hospitali mkiwa mnarudi chini. Na akiwa na gesi akahitaji upasuaji wowote au kung'olewa jino kwa usingizi, awaambie wasimpe nitrasi oksaidi, inaingia kwenye ile gesi inaitanua vilevile.

Si wangeitoa tu hiyo damu?

Walijaribu kuitoa yote kwa upasuaji, utafiti mkubwa Marekani uliotoka mwaka 2004 ukaonyesha kwa wazee wengi haikuongeza kuona kuliko kuangalia tu. Ndo maana siku hizi wanaisogeza.

Matone, maziwa ya mama, majani, miwani mipya?

Matone hayaifikii makula. Maziwa na majani yanaweza kuleta vidonda kwenye kioo cha jicho na sasa una magonjwa mawili. Miwani inauelekeza mwanga tu, haiwezi kuponya seli.

Baba anatumia aspirini na warfarini, aache?

Asiache mwenyewe. Zinaweza kuongeza wingi wa damu kweli, ila kuziacha ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Daktari wa moyo na wa macho waongee.

Kamwene, mama yangu yupo Ilula, jicho moja halioni katikati na sasa anasema anaona watoto wadogo wamekaa uani wamevaa sare, hakuna mtu. Amerogwa?

Kamwene dada. Hajarogwa na hajachanganyikiwa, muulize kama watoto hao wanaongea, atakwambia wamenyamaza kimya. Ubongo uliozoea kupokea picha ukikosa unatengeneza zake. Mswisi mmoja, Charles Bonnet, aliandika mwaka 1760 kuhusu babu yake mwenye macho mabovu aliyekuwa anaona watu, ndege na majumba ambayo hayapo huku akili yake timamu kabisa. Mama yangu yeye aliona maua kwenye ukuta wote wa jikoni, alikaa na siri hiyo miezi akiogopa tutampeleka kwa mganga. Mwambie taratibu kwamba madaktari wanaijua, awashe taa, apepese macho, aangalie upande mwingine, mara nyingi zinaondoka na kwa muda zinapungua. Mwambie daktari pia ili ahakikishe hakuna kingine. Na tafadhali usimruhusu mtu amwite mchawi.

Atapona kabisa?

Inategemea damu ilikuwa nyingi kiasi gani, imekaa siku ngapi, na chanzo. Mama la kulia hakurudi kama zamani, anasoma herufi kubwa, sura anazitambua, fedha anahesabu mwenyewe. La kushoto anaona pembeni tu, ila hata hilo linamsaidia asijigonge mlangoni. Upofu wa giza totoro kwa ugonjwa huu sio kawaida, pembeni huwa panabaki.

Gharama?

Bei zinabadilika sitaandika. Uliza kabla: sindano ni aina gani, bei ya moja, ngapi zinatarajiwa, na bima yako inalipa zote au ya kwanza tu. Nauli na pa kulala viwekeni kwenye hesabu, sisi vilitupita.

Jicho lililobaki tunalilindaje?

Sigara aache, hiyo ni namba moja. Presha ipimwe. Mboga za majani, mchicha, mnafu, figiri, matembele, huku kwetu hatuna kisingizio. Kuna vidonge vya vitamini vyenye luteini na zinki vinavyopunguza kasi kwa baadhi ya wenye makula iliyochakaa, daktari ndo aseme, na mvutaji asitumie vyenye beta karotini vinaongeza hatari ya kansa ya mapafu.

Na ile karatasi ya viboksi. Ya kwetu nimeibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, mama akisubiri chai ichemke anaziba la kushoto anaangalia nukta kwa la kulia, kila asubuhi. Juzi nimeingia jikoni nikamkuta bibi wa jirani naye kasimama pale kaziba jicho, mama kakaa kwenye kigoda anamwambia usikandamize, usikandamize, haya sasa badilisha.